Binti wa Maji

Dashtak, 9 Februari 2019

Kwako mdogo wangu Savri,

Assalamu alaikum. Huku kwetu wote wazima, isipokuwa goti la wifi yako Zebo ambalo siku hizi halimsikilizi mtu. Ng'ombe wa madoa amezaa jike. Mehrangez wangu amekuwa wa kwanza wilaya nzima katika kemia. Mwalimu mkuu kaja mwenyewe nyumbani kunipa mkono, na mimi mtu mzima nikatoka uani nikajifanya natafuta kuni, maana machozi yalikuwa yananitoka. Mwaka huu anamaliza shule, akitoka hapo ni chuo cha udaktari mji mkuu, Dushanbe. Nimeshaapa mbele za watu.

Kuhusu kutofika kwangu maziko ya shemeji, mumeo, Mungu amrehemu, najua umeniweka moyoni. Barabara ilikuwa imeporomoka. Muulize Shodmon dereva, yeye ndiye shahidi wangu.

Sasa, mdogo wangu, nikueleze hali. Theluji imeanguka mara moja tu, na kulipokucha haikuwepo. Vumbi linatembea barabarani mwezi wa pili utadhani ni wa saba. Vichipukizi vya miaprikoti vimeanza kuvimba, na udongo chini yake ukiupiga jembe unarudisha jembe. Wenzetu wa ng'ambo ya barabara wana pampu ya mto mkubwa, hawana shida. Sisi wa bustani za juu tuna mfereji wetu tu, na mfereji wetu unategemea barafu ya huko kwenu. Wajomba walikuja jana wakanywa chai yote, wakaniuliza binti yetu wa maji, yaani wewe, anapanda barafuni lini. Nikawaambia atapanda kama kawaida, Nairuzi ya mwezi wa tatu ikipita. Kazi unaijua kuliko mimi: nyunyiza majivu membamba, mkono mwepesi, jua liyashike, barafu itoe jasho mapema. Ila mwaka huu ongeza. Mwaka jana maji yalikatika kabla tunda halijaiva.

Nimekutumia gunia la unga na shali nyekundu, Zebo ndiye aliyeichagua. Simu yako mbona haiingii? Nimepiga mpaka nimechoka.

Kaka yako,
Barot


Yakhdara, 24 Februari 2019

Kaka Barot,

Waalaikum salaam. Unga umefika. Shali nimempa mke wa jirani, mimi mjane, nyekundu ya nini? Mbuzi wamezaa salama, na binti yangu Saodat yuko na cherehani zake Dushanbe, anaajiri wasichana wawili sasa. Hajambo, ingawa hukuuliza.

Simu inapatikana. Kigongoni kuna mtandao na mimi hupanda kila wiki kuongea na Saodat. Ni namba yako tu niliyoifunga. Maandishi yako naweza kuyavumilia, sauti yako siwezi. Na barabara iliporomoka kweli, wiki moja baada ya maziko. Shodmon ni shahidi wangu pia.

Unasema niongeze majivu. Nilipoletwa huku barafu ilishuka mpaka kwenye mwamba mweusi, nilikuwa naifikia kabla jasho halijanitoka. Sasa napanda asubuhi nzima, naikuta imejikunyata kule juu chini ya kilele, mawe yametokeza kila mahali. Joto linaila, na majivu yangu yanalisaidia joto kuila. Kila mwaka mnaniambia ongeza, na hakuna hata mmoja wenu aliyepanda kuja kuitazama.

Tuache hayo, nina langu. Shangazi yetu alipokufa huku mlimani mlikaa kikao, mkaulizana nani atapanda barafuni sasa. Wanawake wa Yakhdara hawavunji migongo kwa ajili ya bustani za watu, na hawaruhusu mgeni aguse barafu yao. Anayepanda ni mke wa huku aliyezaliwa kwenu. Baba alikuwa ameshafariki, wewe ndiye ulikuwa baba. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu Khujand, mwaka wa kwanza, nakula hesabu kama karanga. Mkaniozesha Mzee Nazrullo, mgane, mkubwa kuliko mama yetu. Nilikushika koti mlangoni nikilia. Ukaniambia, "Savri, bustani hizi zinalisha watu arobaini. Wewe ni mmoja." Neno hilo sijalisahau hata siku moja.

Sasa mzee kafa, magoti yangu yamechoka, na mtahitaji binti wa maji mwingine. Nimeshamchagua. Nipe Mehrangez. Mpwa wa marehemu, Tagoy, hajaoa bado, kapita arobaini lakini ana mbuzi na ana nguvu zake. Mlete Mehrangez kabla joto halijakaza, na siku atakayovuka kizingiti changu ndiyo siku nitakayopanda barafuni. Asipokuja, sipandi.

Bustani zinalisha watu arobaini, Kaka. Yeye ni mmoja.

Savri


Dashtak, 10 Machi 2019

Savri,

Salaam. Wifi yako anakusalimu, ingawa barua yako sijamwonyesha na sitamwonyesha. Ndama anaendelea vizuri. Mvua hakuna.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mdogo wangu, ujane umekupanda kichwani. Mimi nakuomba majivu, wewe unaniomba mtoto? Zama zile zilikuwa zama zile. Leo serikali ikisikia msichana wa shule kaozeshwa, mimi ninalala ndani. Na wewe ulitunzwa. Ulikosa nini? Marehemu hakukupiga hata kofi, ulipata mtoto, una nyumba ya mawe. Wangapi huku chini wanaililia nyumba ya mawe.

Lakini mimi si mtu wa kugombana na damu yangu. Nimefikiri sana, nikapata njia itakayoturidhisha sote. Nitakuletea kondoo watano wa mkia mnono, uwachague mwenyewe. Na kama Tagoy kweli anataka mke, basi yupo Oysha, yule yatima wa dada yake Zebo. Tunaye hapa tangu akiwa mdogo. Ana miaka kumi na sita, mpole, shule haimpendi, mgongo anao wa kubebea majivu. Hana mtu wa kumlilia. Huyo, Shodmon anaweza kumleta hata kesho.

Nijibu haraka, wajomba wananikaba koo.

Barot


Yakhdara, 19 Machi 2019

Kaka Barot,

Heri ya Nairuzi inayokuja. Huku tumeshaweka sufuria la uji wa ngano changa, wanawake wanakoroga kwa zamu na kusengenya kwa pamoja. Nimekuombea afya, kwa sababu nataka uwe na akili timamu utakapojibu.

Kwa hiyo zama zimebadilika kwa Mehrangez, kwa Oysha bado. Ahsante kwa kunielimisha. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu, nami nilikuwa nguruwe wenu, sasa unanitafutia nguruwe mwingine ili mkuki usikuguse. Kondoo wako kula mwenyewe. Oysha mwache alale kitandani kwake, na siku nikisikia umemgusa nitashuka mwenyewe mpaka msikitini kwenu nikuulize mbele ya wajomba.

Nataka wa kwako, yule aliyekufanya utafute kuni uani.

Tagoy hajambo. Ameweka meno mawili ya dhahabu mjini Ghonchi na sasa anacheka hata kwenye misiba. Nimekipaka chokaa chumba cha mashariki. Magunia ya majivu yako mlangoni, nimeyachekecha mara mbili, laini kama unga wa kuokea mkate. Kila anayepita ananiuliza, mama Saodat, hupandi? Nawaambia nangoja wageni.

Savri


Yakhdara, 14 Aprili 2019

Kaka Barot,

Salaam. Shodmon amepita hapa mara mbili mikono mitupu. Nilimuuliza, hajakupa hata karatasi? Akasema umemwona kwa mbali ukaingia ndani.

Jua la huku limekuwa kali mapema, mbwa wanahema kivulini mwezi wa nne. Jana nilipanda bila gunia, nikaenda kuitazama tu. Chini ya barafu kuna mlio wa maji yanayotaka kutoka. Nilikaa pale nikala mkate wangu na jibini kavu, nikawaza juu yako, na sikuwaza mema.

Unajificha nini? Najua unavyofanya, nimekujua tangu tukiwa watoto. Mtu akikuuliza jambo zito unanyamaza mpaka wengine waamue, halafu unasema ulikuwa unafuata wakubwa. Safari hii hakuna mkubwa, ni wewe peke yako. Kama ni ndiyo, mlete. Kama ni hapana, basi iandike hapana, kwa mkono wako mwenyewe, uniletee niisome. Neno lenyewe fupi, halimalizi hata wino.

Savri


Dashtak, 2 Mei 2019

Mdogo wangu Savri,

Assalamu alaikum warahmatullah. Nisamehe kwa kukaa kimya, nilikuwa na maradhi ya kichwa. Zebo goti lilelile. Siku hizi hali chakula vizuri.

Umeshinda. Upepo wa moto ulipita tukiwa na maua mitini, ukaangusha nusu. Vile vitunda vilivyobaki ni vidogo kama punje za njegere na vimeanza kukunjamana. Sakafu ya mfereji imepasuka, watoto wanachezea humo kete. Wajomba walikaa kikao kwangu. Mjomba Hakim alisema maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwenye zulia langu, kwamba nikishindwa kuleta maji mwaka huu, ugawaji wa maji utoke mikononi mwa nyumba yetu, uende kwa watoto wake. Cheo hiki alikishika babu, akakishika baba. Ningefanyaje? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nimezungumza na Mehrangez kama baba na mwana. Mtoto ana akili. Nimemweleza haja yako na ya Tagoy wazi kabisa, na amekubali mwenyewe, kwa furaha, anasema shangazi yangu nitampendeza. Mtihani wa mwisho ataufanya mwaka ujao, au tutaona. Shodmon anamleta Ijumaa na mablanketi na sanduku. Harusi msiifanye kubwa, watu wa serikali wasije wakasikia. Nikah ya kimya inatosha.

Nami naomba jambo moja tu: neno lako. Ulisema siku atakayovuka kizingiti ndiyo siku utakayopanda. Usijipe hata saa ya kupumzika, panda. Ahadi ni deni.

Kaka yako,
Barot


Dashtak, 20 Mei 2019

Savri,

Maji yako wapi? Shodmon anasema alimfikisha binti salama, na wewe mwenyewe ulimpokea sanduku. Basi majivu yako wapi? Kila alfajiri nakwenda mdomoni mwa mfereji, natia mkono, natoa vumbi. Wajomba wamekaa mlangoni kwangu, hawaondoki hata kwa sala.

Simu ya Mehrangez haiiti. Zebo kaniuliza kwa nini, nikatoka uani. Mwambie apande kigongoni ampigie mama yake.

Ulitoa neno lako, Savri. Nijibu.

Barot


Yakhdara, 29 Mei 2019

Kaka Barot,

Waalaikum salaam. Mimi mzima, maumivu ya magoti yameniacha kidogo, mbuzi wananona. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa na kazi mlimani, na kazi hiyo nitakusimulia. Kaa chini kwanza.

Ijumaa ile gari la Shodmon liliposimama, binti yako alishuka kabla halijazima, akanikimbilia. Hakunisalimu. Alinishika mkono akanitazama kucha, akanivuta kope la jicho, akaniuliza, "Shangazi, unaumwa wapi? Unalala upande gani? Dawa zako zipo wapi?" Nikamwambia, dawa gani mwanangu? Akafungua sanduku. Nguo za harusi hazikuwemo, Kaka. Kulikuwa na vidonge vya moyo, asali, kipima joto, na kitabu cha kemia cha kusomea akiniuguza usiku. Alikuwa ameacha mtihani wake ukiwa mlangoni kwa sababu baba yake alimwambia shangazi yuko mahututi na hana mtu.

Mimi ulinitoa bwenini Khujand kwa kuniambia mama anakata roho. Nilifika nikamkuta mama anakata vitunguu vya pilau ya harusi yangu. Miaka yote hii, na hukutafuta hata uongo mpya.

Nilimpa barua yako ya tarehe mbili asome mwenyewe. Alipofika pale pa "kwa furaha" alirudia kusoma. Hakulia. Aliomba maji ya kunawa, akanawa uso, akaniuliza Tagoy ni yupi. Nikamwonyesha: yule pale anayekama mbuzi. Tagoy akacheka na dhahabu zake zote akasema, "Binti, mimi nina mchumba wangu kijiji cha pili tangu vuli, huyu shangazi yako kaniazima jina tu." Ndivyo ilivyokuwa. Tagoy hakuwahi kuutaka mkono wa mwanao, na mimi sikuwahi kumpa.

Kesho yake alimpandisha punda, akamvusha kwa njia ya nyuma, ile ya kupita mlima kuelekea kusini, mpaka barabara ya lami. Saodat alimpokea. Yuko Dushanbe, na hiyo Dushanbe ni kubwa, usijisumbue. Mtihani ataufanya kulekule, nimeshauza mbuzi. Mama yake anajua, nimempigia Zebo kutoka kigongoni siku ileile wewe ukiwa kikaoni na wajomba. Anakula sasa, hujaona? Akikuuliza habari za simu, anakutega tu. Amenisihi nisikwambie mtoto anakaa mtaa gani. Hakuhitaji kunisihi.

Sasa maji. Nilisema nitapanda siku atakayovuka kizingiti, nami nilipanda. Ila sikupanda na majivu, wala sikupanda peke yangu. Wanawake wa Yakhdara ambao hawavunji migongo kwa ajili ya bustani za watu, nilipowasimulia walichukua mabeleshi. Tulibeba udongo, tukabeba changarawe, tukabeba mazulia ya manyoya yaliyochakaa. Shangazi alinifundisha mambo mawili kabla hajafa, nilipokuwa nikimtembelea likizo za shule, nanyi mlitaka nifundishwe moja tu. Majivu membamba huifungua barafu, jua likayashika ikatoa jasho. Udongo mnene kama upana wa kiganja huifunga, jua likaishia juu juu. Tumeifunga yote, kutoka ukingo hadi ukingo. Nimetega sikio pale chini, hakuna mlio. Itakaa hivyo msimu huu, na ujao, na mpaka nitakapotaka mimi. Huenda ikawa ndiyo barafu pekee itakayobaki katika milima hii, na haitakunywesha hata mti wako mmoja.

Waambie wajomba, walewale waliokula pilau yangu wakanawa mikono. Waambie umetoa binti na hukupata maji. Watakuuliza binti yuko wapi, sema hujui. Watakupokonya ugawaji, na Hakim atarithi mfereji mkavu, heri yake. Miaprikoti ikikauka ni kuni nzuri, haina moshi. Na Oysha naye kaanza kuniandikia. Mtoto ana hati nzuri kuliko yako, nani alisema shule haimpendi? Ukimtuma popote nitajua kabla hajapanda gari.

Nimebakiza jambo moja, na sikutaka kulisema, lakini usiku nimeona nikilinyamazia litaniharibu mimi badala yako. Majivu yale niliyachekecha kweli. Yalikaa mlangoni tangu Nairuzi, nikayafunika mvua isiyapige. Nilimtaka Mehrangez ili unikatalie. Nilitaka mwanaume mmoja wa nyumba yetu, mara moja tu kabla sijafa, aandike kwamba binti yangu simtoi, bustani na zikauke. Nilingoja Machi, ukaniletea yatima. Nilingoja Aprili, nikakuomba neno lenyewe kwa jina lake. Ungeliandika, ningepanda siku hiyohiyo kwa magoti haya, nikakupa maji bure, na yaliyonipata mimi ningeyazika nayo.

Ungeandika hapana, Kaka, leo ungekuwa na maji, na ungekuwa na mtoto.

Savri